Jengo kongwe la ufukweni linaugua nini? Maswali ya kuuliza kabla ya kubomoa

Mabishano kuhusu majengo ya kale ya ufukweni yana pande mbili zinazojulikana. Wapo wanaosema ni urithi, yasiguswe. Wapo wanaosema yamechoka, yaondolewe, pajengwe kitu cha maana. Ajabu ni kwamba wote wanatazama sehemu moja tu ya jengo: uso wake unaoelekea maji. Lipu iliyobabuka na roshani iliyoinama ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko kwenye msingi, au ndani ya unene wa ukuta, au kwenye vipande vya chuma ambavyo mafundi wa zamani walivizika humo. Ripoti ya ukaguzi inayosema "jengo limechakaa" bila kutaja limechakazwa na nini haifai kutolea uamuzi wowote, si wa kukarabati wala wa kubomoa. Na ripoti za namna hiyo ni nyingi, tena zenye picha nzuri za rangi.

Tuanze chini kabisa.

Sehemu kubwa ya miji ya bandari imesimama juu ya ardhi iliyofukiwa: tope, mchanga, kifusi. Kabla ya zege la nondo, msingi wa mahali kama hapo ulikuwa magogo yaliyopigwa ardhini hadi yakashika tabaka gumu, kisha mawe yakapangwa juu ya vichwa vyake. Kasri la Kifalme la Amsterdam limebebwa na magogo 13,659. Kanisa la Trinity mjini Boston, lililokamilika mwaka 1877, lina magogo yapatayo 4,500 chini yake. Watu wakisikia hivyo hudhani magogo ndiyo udhaifu wa jengo. Sivyo. Gogo lililozama muda wote chini ya maji ya ardhini hudumu karne kwa karne, kwa sababu kuvu inayoozesha mbao inahitaji hewa, na kule chini hewa haifiki. Bakteria wapo, hasa kwenye mbao laini, lakini kazi yao ni ya polepole mno. Kinachoua gogo haraka ni maji ya ardhini kushuka. Kichwa cha gogo kikiachwa kikavu, kuvu inaingia, na hapo hatuhesabu tena karne bali miaka.

Mwaka 1929 nyufa zilionekana kwenye Maktaba ya Umma ya Boston. Walipochimba, vichwa vya magogo vilikuwa vimeoza, kwa kuwa maji ya ardhini yalikuwa yameshuka. Mji ule ulijifunza kwa gharama. Tangu mwaka 1986 una taasisi maalumu ya kufuatilia maji ya ardhini, inayopima mamia ya visima vidogo vilivyotawanywa mitaani. Kule Bryggen, gati la kale la Bergen nchini Norwei lililoingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, hali ilifanana na hiyo, ila chanzo kilikuwa jirani. Hoteli ilijengwa kando, kwenye kiwanja kilichoungua, na mifereji yake ya chini ikawa inavuta maji ya ardhini kutoka chini ya nyumba za mbao. Nyumba zikaanza kudidimia. Tiba haikuwa kunyanyua nyumba, bali kurudisha maji: kuziba njia zilizokuwa zikiyatorosha na kuyaacha maji ya mvua yazame ardhini badala ya kuyapeleka yote baharini kwa bomba.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha jengo la aina hii ni bomba jembamba, si nyundo. Chimba shimo la kipenyo cha milimita 50 hivi, ingiza bomba la plastiki lenye matundu sehemu ya chini, lizungushie mchanga wa chengachenga, ziba juu maji ya mvua yasiingie moja kwa moja. Weka angalau matatu: moja upande wa maji, moja nyuma ya jengo, moja upande wa jirani mwenye ghorofa ya chini ya ardhi au bomba kubwa la majitaka. Soma kina cha maji kwa mwaka mzima, na usikose siku za bamvua, wakati wa kujaa na wa kupwa. Anayepima mara moja tu, saa nne asubuhi, hajapima kitu. Kinachotakiwa kujulikana ni kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufika, kwa sababu hicho ndicho kinachoamua kama vichwa vya magogo vinapumua hewa.

Baadaye ndipo uchimbe. Shimo la upana wa mita moja kando ya ukuta, kwa uangalifu, hadi uone kichwa cha gogo. Ligonge: gogo zima lina mlio, lililooza linanyamaza. Lichome kwa bisibisi yenye ncha, upime imeingia milimita ngapi. Kisha chukua kipande chembamba kwa keekee yenye uwazi katikati, upime unene wa sehemu laini ya nje. Hesabu yake inatisha kuliko inavyoonekana. Gogo la kipenyo cha milimita 250 likioza milimita 50 pande zote, kiini kinachobaki ni milimita 150. Mtu atasema imebaki asilimia 60. Lakini mzigo unabebwa na eneo, si kipenyo, na eneo lililobaki ni asilimia 36 tu.

Hata hapo jengo halijahukumiwa kifo. Gogo hukatwa chini ya kiwango cha chini kabisa cha maji, mahali mbao bado ni nzima, kisha kipande cha chuma husimamishwa kati ya gogo na mawe ya msingi, kikakazwa kwa jeki na kabari hadi kibebe mzigo, halafu kila kitu kikafunikwa kwa zege. Kazi hufanywa kwa vipande vifupi, visivyozidi mita 1 au 1.2 kwa mara moja, na kamwe visivyopakana: cha kwanza, cha nne, cha pili, cha tano, cha tatu. Mkandarasi mwenye haraka akifungua viwili vinavyofuatana, ukuta utamjibu kwa ufa wa mshazari kabla ya jioni.

Magati yanayosimama ndani ya maji ya chumvi yana adui mwingine: kombe mwenye umbo la mnyoo, Teredo, anayetoboa mbao kwa ndani huku nje pakionekana tundu dogo lisilozidi kichwa cha pini. Ukigonga tu kwa nje unadanganyika. Bandari ya New York ilikuwa chafu kiasi kwamba viumbe hawa walipungua sana. Maji yalipoanza kusafishwa baada ya sheria ya Marekani ya maji safi ya mwaka 1972, walirudi, na maelfu ya magogo yamebidi kuvikwa majaketi ya zege.

Sasa chumvi. Hapa ndipo pesa nyingi za ukarabati hutupwa.

Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye upepo wa bahari, kisha huyatoa kwa kukauka. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 75 hivi, na ikishuka chini ya hapo huganda tena kuwa fuwele. Ufukweni unyevu wa hewa huvuka mstari huo mara nyingi, pengine kila usiku na kila mchana. Kila mara fuwele zinakua ndani ya vitundu vya jiwe na kusukuma. Unga unaookota chini ya ukuta kila asubuhi ni jiwe lililosagwa hivyo.

Aliyekuja baadaye na saruji alidhani anaukinga ukuta. Saruji haipumui kama chokaa. Maji yaliyokuwa yakitokea chini sasa yanapanda juu zaidi kutafuta mahali pa kutokea, na chumvi inaganda nyuma ya lipu badala ya mbele yake. Miaka michache inapita salama, ukuta unapendeza. Kisha lipu inaanza kutoa sauti ya uwazi ukiigonga, na siku moja inaanguka kama bamba zima, ikiwa imeng'ang'ania sentimita kadhaa za uso wa jiwe. Hapo watu husema mawe ya zamani ni dhaifu. Mawe yalikaa miaka mia na chokaa bila neno.

Kupima unyevu kwa kile kifaa cha umeme chenye pini mbili hakusaidii kwenye ukuta wa chumvi, maana chumvi hupitisha umeme na kifaa kitapiga kelele hata ukuta ukiwa mkavu. Njia ya kuaminika ni ya kizamani. Toboa kwa keekee ya kasi ndogo kwenye urefu wa mita 0.3, mita 1 na mita 2 kutoka sakafuni. Kila tundu, kusanya unga wa milimita 10 za kwanza peke yake, wa 10 hadi 20 peke yake, kisha wa kina zaidi. Ufunge usipoteze unyevu. Upime uzito, ukaushe kwenye joto la nyuzi 105, upime tena: tofauti ni maji yaliyokuwemo. Halafu unga uleule mkavu uache siku kadhaa kwenye chombo chenye hewa ya unyevunyevu, upime mara ya tatu. Ukivuta maji mengi kutoka hewani, basi ukuta umejaa chumvi, na tatizo lako halitaisha kwa kuzuia maji ya ardhini peke yake. Kama maji ni mengi chini na yanapungua kadiri unavyopanda, huku chumvi ikiwa imejikusanya juu yake kama mstari, hayo ni maji yanayopanda. Kama juu pamelowa kuliko chini, acha msingi, panda paani ukatazame gata.

Kwa kweli gata ndiyo ianze kila mara. Bomba la mvua lililopasuka linamwaga ukutani maji mengi kuliko bahari. Baada ya hapo, shusha ardhi ya nje iliyopandishwa na tabaka juu ya tabaka za barabara mpya, hadi iwe chini ya sakafu ya ndani. Kisha ondoa saruji kwa tindo na nyundo ya mkono. Mashine ya kuvunjia zege hutikisa chokaa ya zamani iliyo ndani ya ukuta, na kuta nyingi za kale zina uso wa mawe nje na ndani, katikati vifusi na chokaa tu. Usivue ukuta mzima kwa siku moja. Vua ukanda, tazama kama mawe bado yameshikana au yamefura, ndipo uendelee. Chumvi inayojitokeza ifagiliwe kavu, izolewe, itupwe mbali. Kuimwagia maji ni kuirudisha ndani.

Panapohitaji kuvutwa chumvi zaidi hupakwa tope la udongo wa kaolini na mchanga safi, kama sehemu moja kwa nne au tano, likichanganywa kwa maji yasiyo na chumvi. Unene milimita 20 hivi, ukutani uliolowanishwa kidogo. Linaachwa wiki kadhaa hadi likauke na kuanza kuachia, likibeba chumvi yake. Rudia. Mara ya pili au ya tatu pima unga tena, kwa sababu bila kupima hujui kama unavuta chumvi au unapaka matope tu.

Lipu mpya iwe ya chokaa iliyolowekwa muda mrefu, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu. Mchanga uwe wa chenga kubwa na ndogo, wenye makali. Wa pwani usitumike kama haujaoshwa, vinginevyo unarudisha kwa mkono wa kushoto ulichokitoa kwa wa kulia. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na likae chini ya magunia mabichi kwa siku kadhaa. Likikauka haraka kwa jua na upepo litapasuka au kubaki unga. Mahali mawimbi yanaporukia, chokaa ya kawaida haitoshi. Huko hutumika chokaa inayoganda majini, daraja la 3.5, kimoja kwa mbili na nusu. Viungo vya mawe vichokonolewe hadi kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue milimita 25, kabla ya kujazwa. Fundi anayepaka tu juu juu ameziba macho ya mteja.

Lipu hii itakufa. Imewekwa ife badala ya jiwe, na baada ya miaka kadhaa sehemu ya chini itang'olewa na kupakwa nyingine. Wenye majengo hawapendi kusikia hivyo, ndiyo maana wanauziwa rangi za "kuzuia maji" ambazo zinafanya kazi ileile ya saruji kwa bei ya juu zaidi.

Chuma ni hadithi fupi zaidi. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo kipande kilichozikwa ukutani kinapasua jiwe kutoka ndani. Ufa unaofuata mstari ulionyooka juu ya dirisha, au kona ya jiwe iliyotoka kama kipande cha sahani, una chuma nyuma yake. Kuujaza ufa bila kukitoa chuma ni kupoteza siku. Kinachorudishwa kiwe chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Lile la 304 la majikoni halivumilii hewa ya bahari. Nguzo za chuma cha kusubu hubeba mzigo wa kushuka vizuri sana, lakini nyingine zina uwazi ndani na zilitumika kama bomba la mvua. Nje zimepakwa rangi, ndani zimeliwa. Toboa kitundu cha milimita 6 na upime unene wa ukuta wa nguzo sehemu tatu za mzunguko wake. Na asije mtu na mashine ya kuchomelea; chuma cha kusubu hupasuka pembeni mwa kiungo kinapopoa.

Hatari kubwa ya majengo haya mara nyingi huja wakati wa kazi yenyewe. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati, na watu walipoteza maisha. Jengo lililokaa kwa zaidi ya karne limegawana mizigo kwa njia zake, nyingi zisizoonekana kwenye mchoro wowote. Ukiondoa lipu, ukatoa boriti moja, ukapakia kifusi ghorofani, umebadilisha njia hizo. Kutegemeza kuje kabla ya kugusa, na egemezi zishuke hadi ardhini, zisiishie kwenye sakafu ya ghorofa ya chini kwa kutumaini itahimili. Vibandiko vya kupimia nyufa viwekwe mapema, visomwe kila siku wakati wa kazi, na fundi wa kawaida awe na mamlaka ya kusimamisha kazi ufa ukitembea.

Kuhusu mafuriko, mawili matatu tu. Venice ilijengwa kwa akili: chini ya matofali waliweka jiwe la Istria, gumu na lisilonyonya, kama kizuizi. Bahari imepanda na ardhi imeshuka, sasa maji yanalivuka jiwe na kufikia matofali. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 juu ya kipimo chao, na milango ya kuzuia bahari ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa jengo moja lisilo na milango ya aina hiyo, kanuni ya kukumbuka ni sentimita 60. Kuzuia maji ya kina zaidi ya hapo yasiingie kunaweza kuangusha ukuta wa kawaida kwa msukumo wa upande mmoja; ni afadhali kuyaruhusu. Nyaya za umeme zipandishwe juu, jasi isitumike ghorofa ya chini. Maji ya chumvi yakiondoka, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, chumvi ikiwa bado mbichi. Ghorofa ya chini ya ardhi isivutwe maji yote kwa mpigo: sentimita 30 kwa siku, kwa sababu udongo wa nje bado umelowa na unasukuma.

Je, kuna jengo linalostahili kubomolewa? Yapo, ila si yale watu wanayoyafikiria. Mara nyingi mgonjwa asiyepona si ghala la mawe la miaka 150, bali banda la zege la miaka ya 1960 lililo pembeni yake. Chumvi ikishafika kwenye nondo na kuvuka kama asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, kutu inaendelea hata ukiziba, na kiraka kipya huhamishia ulaji kwenye nondo za jirani. Ukuta wa mawe unatengenezeka jiwe kwa jiwe. Fremu ya zege iliyojaa chumvi haina pa kuanzia.

Maghala ya kale yana faida ambayo wabunifu hugundua wakichelewa: yalijengwa kubeba magunia na mapipa, kwa hiyo sakafu zake zina nguvu kuliko ofisi inavyohitaji. Royal Albert Dock ya Liverpool, iliyofunguliwa mwaka 1846 kwa matofali, mawe na chuma bila mbao za kubeba mzigo, ilifungwa mwaka 1972 na kufunguliwa tena mwaka 1988 ikiwa na maduka, makazi na jumba la sanaa. Mji huohuo ulifutwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya kwenye gati zake nyingine. Njia ya kati, ya kubakisha kuta za nje na kujenga kipya ndani, ilifanywa Hamburg: Elbphilharmonie, ukumbi wa muziki, imeketi juu ya ghala la miaka ya 1960, ndani likiwa limetolewa lote, na msingi ukiongezewa mamia ya nguzo. Inapendeza kutazama, lakini anayedhani kubakisha uso ni njia ya bei nafuu aulize kwanza gharama ya kuusimamisha ukuta mtupu dhidi ya upepo wa bahari kwa miaka miwili.

Ikiamuliwa kujenga upya, ruhusa ya ujenzi ibebe masharti yanayopimika. Zege la ufukweni liwe na milimita 50 au zaidi kutoka uso hadi nondo, na maji yasizidi 0.45 ya uzito wa saruji. Lililo gumu zaidi ni shimo. Kuchimba ghorofa ya chini ya ardhi kandokando ya majengo yenye magogo ni kurudia ya Bergen, kwa hiyo mabomba ya kupimia maji yawekwe kwenye viwanja vya majirani miezi kumi na miwili kabla ya kuanza, yasomwe kila siku pampu zikiwa zinafanya kazi, na kiwango cha kushuka kinachokubalika kiandikwe kwa milimita kwenye mkataba. Kikivukwa, pampu zizimwe siku hiyo, na maji yarudishwe ardhini upande wa jirani kabla ya mtu yeyote kuanza kuandikiana barua.